Kuunda Gitaa la Umeme kwa Vipande Ulivyochagua Mwenyewe

Tangu mwaka 1950, Leo Fender alipoanza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa mbao isiyo na uwazi wa ndani na shingo iliyofungwa kwa skrubu badala ya gundi, chombo hiki kimekuwa mkusanyiko wa vipande vinavyofungwa na kufunguliwa: mwili, shingo, daraja linaloshika nyuzi mwilini, vikazio vya nyuzi, pikapu na waya zake. Kila kipande kinaweza kununuliwa peke yake, na kikichoka kinaweza kubadilishwa bila kuvigusa vingine. Kwa sababu hiyo mpigaji wa Moshi au Arusha, mwenye ujuzi wa wastani wa useremala au mwenye seremala anayemwamini, anaweza kujiundia gitaa linalolingana na mikono yake na muziki wake, akaagiza nje vile tu visivyopatikana hapa na kuvitengeneza vingine kwa mbao za nyumbani.

Kanuni moja itajirudia katika mwongozo huu, nami sioni haya kuirudia. Usikate mbao wala usitoboe tundu lolote kabla vipande vyote havijafika mezani na kupimwa kwa pamoja. Mwili wa gitaa langu la kwanza niliukata hapa Majengo, Moshi, kwa kufuata mchoro, huku shingo ikiwa bado njiani. Ilipofika, kitako chake kilikuwa na upana wa milimita 56, ilhali tundu nililokuwa nimelichonga lilikuwa na milimita 58. Milimita 2 hizo zilitosha kuiacha shingo iegemee upande mmoja, na uzi mwembamba wa mwisho ukawa unateleza nje ya ubao wa vidole kila nilipouvuta. Nililazimika kulijaza tundu kwa vipande vya mbao na kulichonga upya, na alama ya kazi hiyo haijafutika hadi leo.

Hatua ya kwanza: amua gitaa litapiga muziki gani

Kabla ya kuagiza chochote, andika kwenye karatasi gitaa hili litatumika wapi. Gitaa la solo katika bendi ya dansi linahitaji sauti safi, inayong'aa na kusikika juu ya ngoma na besi bila kukwaruza. Gitaa la ridhimu linahitaji sauti nyembamba kidogo isiyoziba sauti za waimbaji. Gitaa la kanisani, ambako kwaya husimama karibu na spika, taa za mirija huwaka mfululizo na waya hutandazwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, linahitaji kwanza kabisa utulivu, yaani lisivume wakati hakuna anayelipiga.

Uamuzi huo ndio unaochagua pikapu. Pikapu ni kile kifaa chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, ambacho hugeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme. Ile ya koili moja hutoa sauti inayong'aa, lakini hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa Tanzania huja kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Ili kuuondoa mvumo huo, Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliunganisha koili mbili ambazo waya zake na sumaku zake vimegeuziana mwelekeo, hivyo mvumo hujifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Maombi ya hataza ya kazi hiyo yaliwasilishwa mwaka 1955. Pikapu hiyo ya koili mbili ina sauti nene zaidi na yenye nguvu zaidi. Kwa kanisa lenye nyaya za umeme za zamani ningeichagua bila kusita. Kwa dansi ningebaki na koili moja, nikaziba vizuri matundu ya umeme kama nitakavyoeleza mbele.

Ukinunua pikapu, ipime papo hapo kwa mita ya umeme. Ya koili moja kwa kawaida huonyesha ukinzani wa kiloomu 5.5 hadi 6.5, na ya koili mbili kati ya 7.5 na 9. Ikionyesha sifuri, waya umegusana; isipoonyesha chochote, waya umekatika ndani, na huo ni ugonjwa ambao fundi redio wa kawaida hawezi kuutibu, kwa kuwa waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele.

Hatua ya pili: shingo

Ningeshauri fundi anayeanza anunue shingo iliyokwisha kutengenezwa, hata kama ana uwezo wa kuchonga mbao. Shingo ina chuma cha ndani cha kurekebishia mpindo, ina freti 21 au 22, vile vyuma vyembamba vilivyokingama ubao wa vidole, zinazopaswa kukaa sehemu zake bila kosa hata la nusu milimita, na inavutwa mchana na usiku na nyuzi sita ambazo, kwa seti ya kawaida ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi), nguvu yake kwa pamoja hukaribia uzito wa kilo 46. Shingo mbaya haiponywi na pikapu ya bei ghali. Nimeona vijana wakimaliza fedha zao zote kwenye pikapu na kuchukua shingo ya bei ya chini, kisha wakashangaa kwamba gitaa halikai kwenye sauti yake. Fedha ziende kwanza pale ambapo uzi na mkono vinagusa, yaani kwenye shingo, kwenye daraja na kwenye vikazio.

Kipimo kikuu cha shingo ni urefu wa uzi unaolia, kutoka daraja dogo la kichwani hadi daraja kubwa la mwilini. Magitaa ya mtindo wa Fender hutumia milimita 648; ya mtindo wa Gibson hutumia takriban milimita 628, na nyuzi zake ni laini kidogo chini ya vidole. Muuzaji asipojua, pima mwenyewe kutoka daraja dogo hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili: ukipata milimita 324 kwenye freti hiyo, urefu wote ni 648. Nafasi za freti nazo zina hesabu yake. Urefu wa uzi ukigawanywa kwa 17.817 unakupa umbali wa freti ya kwanza, ambao kwa milimita 648 ni 36.37, urefu uliobaki ukigawanywa tena kwa namba hiyohiyo unakupa umbali wa kutoka freti ya kwanza hadi ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Chukua rula ya chuma uhakiki freti tatu au nne. Shingo iliyokosewa hapo hairekebishiki.

Kisha ishike shingo kama unavyoshika ubao uliotoka kwenye randa, uitazame kwa jicho moja kutoka kitakoni kuelekea kichwani. Mpindo mdogo wa kwenda mbele au nyuma hurekebishwa kwa chuma cha ndani, lakini shingo iliyojisokota, ambayo upande mmoja wa freti umeinuka kuliko mwingine, irudishe. Zungusha nati ya chuma cha ndani robo mzunguko kila upande uone kama inaitika. Pitisha kiganja pembeni mwa freti: zikikukwaruza, zitahitaji tupa ndogo. Mwisho, andika vipimo vya kitako. Vingi huwa na upana wa milimita 56, urefu wa 76 na unene wa 25 na kidogo, lakini andika vya kwako, usiandike vya mchoro.

Hatua ya tatu: daraja, vikazio na daraja dogo

Kwa gitaa la kwanza chagua daraja tuli lililolala bapa juu ya mwili, lenye viti sita, kimoja kwa kila uzi, vinavyosogezwa kimoja kimoja kwa skrubu. Daraja lenye mkono wa kuyumbisha sauti hudai shimo kubwa na springi nyuma ya mwili, na lile la kusimama juu ya nguzo mbili hudai shingo iinamishwe kwa pembe ya digrii mbili hadi nne; mambo hayo yote yanaweza kusubiri gitaa la pili. Hakikisha upana wa nyuzi kwenye daraja unalingana na shingo yako na pikapu zako. Daraja la milimita 52.5 kati ya uzi wa kwanza na wa sita hukaa vizuri kwenye kitako cha milimita 56, kwa kuwa huacha nafasi ya kutosha kila upande.

Vikazio vya nyuzi huja kwa matundu ya aina mbili: vingi vya kisasa vilivyofunikwa huhitaji tundu la milimita 10, na vya mtindo wa zamani takriban 8.8. Ukinunua shingo iliyokwisha kutobolewa, pima tundu kwanza. Uwiano wa meno wa 1 kwa 14 unatosha, ule wa 1 kwa 18 una utulivu zaidi unapotuni.

Daraja dogo, kile kipande chembamba chenye mifereji sita kati ya kichwa na ubao wa vidole, unaweza kukipata buchani. Omba mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe, uuchemshe mara kadhaa kwa maji yenye sabuni mpaka mafuta yaishe, uuanike wiki mbili au tatu, kisha uukate kwa msumeno wa chuma na kuusawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Mfupa uliokauka vizuri ni mgumu, hauumi uzi, na hutoa sauti safi kuliko plastiki laini inayokuja na shingo nyingi za bei nafuu. Mifereji yake ichongwe polepole kwa tupa nyembamba, na kila mfereji uinamie kidogo upande wa kichwa ili uzi uanze kulia ukingoni kabisa.

Hatua ya nne: mbao ya mwili

Hapa ndipo mtu wa Kilimanjaro na Arusha ana neema ambayo wengine wanaiagiza kwa meli. Magitaa mengi ya Marekani hutengenezwa kwa alda, mbao nyepesi ambayo kwetu haioti, lakini mringaringa unaosimama katikati ya migomba na mibuni ya Kibosho, Marangu na Machame una wepesi unaokaribiana nayo, na tangu zamani umechongwa mizinga ya nyuki na ngoma. Mkangazi ni ndugu wa karibu wa mahogani, umbile lake ni la kupendeza, na mwili wake hukaa karibu na kilo 2.3. Mninga ni mzuri na hautikisiki ukikauka, ila ni mzito zaidi. Mwili wa mninga utakaribia kilo 2.7, na bega la mpigaji wa ibada ya saa tatu litalijua hilo.

Mpingo usiutumie kwa mwili. Uzito wake hufikia karibu kilo 1,270 kwa mita moja ya ujazo, hivyo huzama majini, na mwili mzima ungepita kilo 5. Nafasi yake ni ubao wa vidole, vifundo vya sauti na mapambo madogo, kazi ambazo kipande kilichobaki kwa mchonga vinyago kinatosha. Tuutumie kwa heshima: marehemu Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi ya maisha yake kuotesha miche ya mpingo hapa Kilimanjaro, na tangu mwaka 2017 karibu jenasi yake nzima imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo usitume mbao yake ghafi nje ya nchi bila kibali. Kwa mbao yoyote ile nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na ambaye mzigo wake una vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Ukavu wa mbao una uzito kuliko jina lake. Mbao yenye maji itapinda baada ya tundu la shingo kuchongwa, na kazi yote itaharibika. Unyevu wa asilimia 10 hadi 12 unafaa kwa hali ya hewa yetu. Usipokuwa na kipima unyevu, lete ubao ndani ya nyumba, uupange juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, na uupime kwenye mizani kila wiki ukiandika uzito wake. Majuma matatu yakipita bila uzito kupungua, mbao imezoea hewa ya nyumba yako. Mbao iliyonunuliwa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ningeiacha hadi Agosti.

Mwili unahitaji ubao wa milimita 500 kwa 350, wenye unene wa 45. Kwa kuwa ubao mpana kiasi hicho ni adimu, unganisha vipande viwili. Piga randa kingo mpaka zikutane bila mwanga kupenya, paka gundi nyeupe ya mbao kwa wembamba, bana kwa jiliwa au klempu tatu, na uache saa 24. Klempu hazipaswi kuziba pengo; kama pengo lipo, rudi kwenye randa.

Hatua ya tano: mstari wa kati na kiolezo

Sasa, vipande vyote vikiwa mezani, chora mstari mmoja wa kati juu ya ubao kwa penseli kali, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usiufute mpaka gitaa litakapokuwa tayari kupakwa rangi. Shingo, pikapu na daraja vyote hupimwa kutoka mstari huo, kamwe si kutoka ukingo wa mwili, kwa sababu ukingo hubadilika kila unapopiga msasa.

Tengeneza kiolezo cha mwili kwa emdiefu (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 12, na kiolezo kingine kidogo cha tundu la shingo. Hiki cha pili kipatikane kwa kuilaza shingo yenyewe juu ya emdiefu, mstari wake wa kati ukiwa juu ya mstari wako, kisha kuibana kila upande kwa kipande cha mbao kilichonyooka. Ukiiondoa shingo, vipande vile vitakuwa vimebaki na umbo lake halisi, na biti yenye beringi ya ruta, mashine ya kuchongea mbao, itavifuata bila kukosea. Njia hii haihitaji mchoro wowote.

Mwili kata kwanza kwa jigso, ukiacha milimita 2 au 3 nje ya mstari, kisha malizia kwa ruta. Shusha biti milimita 4 au 5 kila mpito, usizidishe. Ruta ikilazimishwa kula mbao nyingi kwa mara moja hurusha vipande, hasa kwenye pembe ambapo nyuzi za mbao zinageuka. Funga barakoa: vumbi la mninga, mkangazi na hasa mpingo huwasha pua na ngozi, na usiruhusu watoto wakae karakanani saa hizo.

Tundu la shingo liwe na kina cha milimita 16 ikiwa kitako chako kina unene wa 25.4. Hesabu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa hapa ndipo magitaa mengi ya mikono hukwama. Toa 16 kwenye 25.4, ubao wa vidole utasimama milimita 9.4 juu ya mwili. Ongeza freti, ambayo ni milimita 1 na kidogo, unafika 10.5. Uzi ukikaa milimita 1.8 juu ya freti ya 12, darajani utakuwa umepanda kwa takriban milimita 3 juu ya usawa wa freti, hivyo viti vya daraja vinapaswa kuweza kusimama kwenye milimita 13 hadi 14. Pima daraja lako. Kama viti vyake vinaishia 12, chonga tundu la shingo zaidi kwa milimita 2. Kama vinaanzia 15, punguza kina. Shingo ikiingia inapaswa kubana kiasi kwamba ukiinua mwili kwa kushika shingo, bila skrubu, hauanguki.

Tundu la pikapu liwe na kina cha milimita 18 hadi 20, na kwa pikapu ya koili mbili ongeza kina pale miguu yake inapokaa. Tundu la umeme nyuma ya mwili liache mbao ya milimita 6 upande wa mbele, isizidi, kwani shingo ya potenshiomita, kile kifaa kinachozungushwa kuongeza au kupunguza sauti, ni fupi na nati yake haitashika mbao nene.

Hatua ya sita: kufunga shingo na kulikalisha daraja

Matundu manne ya skrubu mwilini yawe mapana kidogo kuliko skrubu, kiasi cha milimita 4.5 hadi 5, ili skrubu ipite bila kuuma mwili na ivute shingo tu. Kwenye shingo toboa milimita 3.2, na weka alama ya utepe kwenye biti ili isipenye hadi ubao wa vidole. Paka skrubu sabuni ya mche kabla ya kuiingiza. Mbao ngumu ya shingo imewahi kuvunja skrubu za watu wengi.

Shingo ikishakaa, usitoboe daraja bado. Sogeza kiti cha uzi mwembamba karibu mwisho wa mbele, kisha pima kutoka daraja dogo: kiti hicho kisimame kwenye milimita 648 kamili, au kwenye urefu wa shingo yako. Nyuzi nyingine, kadiri zinavyokuwa nene, zitahitaji kurudishwa nyuma kwa milimita 2 hadi 4, na ndiyo sababu nafasi ya viti lazima ibaki upande wa nyuma. Kisha funga nyuzi mbili za pamba, moja mahali pa uzi wa kwanza na nyingine mahali pa uzi wa sita, kutoka kichwani hadi darajani. Angalia umbali wake hadi ukingo wa ubao wa vidole kwa pande zote mbili. Sogeza daraja mpaka ulingane, ndipo uweke alama na kutoboa. Katika kazi yote hii, dakika kumi za uzi wa pamba ndizo ninazozithamini kuliko zote.

Hatua ya saba: rangi

Fungua kila kitu tena. Piga msasa namba 120, kisha 180, 240 na 320, ukifuata uelekeo wa mbao. Mringaringa na mkangazi zina vinyweleo vinavyohitaji kuzibwa kwa fila kabla ya silaa (mpako wa kuziba mbao) na klia (vanishi angavu ya mwisho). Usipulize klia siku ya mvua, maana unyevu huifanya iwe na ukungu mweupe ndani yake. Juni na Julai, ingawa Arusha huwa na baridi, ni afadhali kuliko Aprili. Ndani ya tundu la shingo usipulize kabisa, kwa sababu unene wa rangi utazuia shingo kuingia.

Asiye na kompresa apake mafuta ya kitani kwa kitambaa, mipako minne au mitano, siku moja kati ya mpako na mpako. Vitambaa hivyo vilivyoloa mafuta vitandazwe nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto.

Hatua ya nane: umeme

Ili kuikinga sauti na mvumo, bandika utepe wa shaba ndani ya tundu la umeme na la pikapu, vipande vyake vikipandana, na uuunganishe na waya wa ardhi wa gitaa. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni haifai, kwani haishiki risasi ya kulehemu.

Kwa pikapu za koili moja tumia potenshiomita za kiloomu 250 na kapasita ya maikrofaradi 0.047, kwa koili mbili, kiloomu 500 na maikrofaradi 0.022. Thamani ndogo ya potenshiomita hupunguza ukali wa sauti, ndiyo maana koili moja, ambayo tayari ni kali, hupewa 250. Waya wa sauti kutoka pikapu huenda kwenye swichi ya kuchagulia, kutoka swichi huenda kwenye mguu wa kwanza wa potenshiomita ya sauti. Mguu wa kati huenda kwenye tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Mguu wa tatu hulehemiwa kwenye mgongo wa potenshiomita, ambao ndio ardhi. Kutoka mguu ule wa kwanza, waya mwingine huenda kwenye mguu wa pembeni wa potenshiomita ya toni, na kapasita huunganishwa kati ya mguu wake wa kati na ardhi. Waya zote za ardhi za pikapu hukutana mgongoni hapo.

Waya mmoja wa ardhi lazima uende chini ya daraja na kubanwa nalo. Gitaa likivuma na kunyamaza unapogusa nyuzi, huo waya upo lakini kinga haitoshi. Likivuma zaidi unapogusa, kwanza kagua kama waya wa sauti na wa ardhi havikubadilishana kwenye tundu la kuchomekea. Ukisikia mtekenyo wa umeme vidoleni, acha mara moja. Kosa hilo halimo kwenye gitaa, limo kwenye amplifaya au kwenye ardhi ya jengo, na ni fundi umeme anayepaswa kuitwa kabla ya mtu yeyote kushika kipaza sauti cha chuma.

Hatua ya tisa: kulirekebisha

Funga nyuzi, tuni, na uliache gitaa usiku mzima. Kesho yake bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha pima nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7 kwa fila geji, zile ambazo mafundi magari hupimia valvu. Milimita 0.2 hadi 0.25 inafaa. Ikizidi, kaza chuma cha ndani robo mzunguko, subiri, pima tena. Kisha weka urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.6 kwa uzi mwembamba na 2.0 kwa uzi mnene. Mpigaji wa ridhimu mwenye mkono mzito aongeze kidogo. Pikapu iwe milimita 2 hadi 2.5 chini ya uzi unapobonyezwa freti ya mwisho. Sumaku ikikaribia zaidi ya hapo huvuta uzi na kuiyumbisha sauti.

Mwisho ni kulinganisha sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 na uupige ulie, kisha ubonyeze hapohapo na uupige tena, ukitazama tuna, kile kifaa cha kupimia sauti za nyuzi. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kiti nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, ukituni upya kila mara.

Gitaa jipya huendelea kujikalisha kwa majuma kadhaa. Kaza skrubu za shingo baada ya wiki mbili, kwa mkono tu. Likisafirishwa kutoka joto la Moshi hadi Arusha, iliyo juu zaidi na yenye ubaridi, umbali wa takriban kilomita 80, liache lizoee hewa ndani ya kasha kabla ya kupima mpindo wa shingo tena. Vipimo vyote ulivyovipata, pamoja na ukinzani wa pikapu, aina ya mbao na tarehe, viandike kwa kalamu kwenye karatasi ngumu na uikunje ndani ya tundu la umeme kabla ya kufunga kifuniko. Fundi atakayelifungua baada ya miaka kumi, hata kama ni wewe mwenyewe, ataanzia hapo.